Baba Lao Kwenye Zamu ya Mama Dominika

Jumatatu, 2 Februari 2004

Nimepigwa bao mbele ya kamati nzima ya mfereji! Tena na binti niliyemfundisha kulehemu mwenyewe, kwa mikono yangu hii.

Kikao kilikuwa barazani kwa Mzee Sirili, mwenyekiti wetu. Shida ni ileile ya kila kiangazi. Mfereji wetu hapa Uru una malango manane. La saba ni langu. La nane, la mwisho kabisa, ni la Mama Dominika, mjane, na zamu yake ni Jumamosi asubuhi hadi saa sita. Jumamosi mbili mfululizo hakupata hata tone. Maji yanakwama njiani, na mpaka watu waukague mfereji wote kutoka juu, saa sita imeshapita na maji ni ya mwingine. Ana miche mia sita ya kahawa, ile aina mpya isiyougua. Leo alikuja na mche mmoja ndani ya kopo, akauweka mezani, akakaa.  Majani yamejikunja. Wote tukaanza kuangalia viatu vyetu.

Ndipo Zita akasimama. Alikuwa mwanagenzi kwenye kibanda changu cha redio miaka mitatu, kisha akaenda chuo cha ufundi. Akatoa boksi dogo kama kipande cha sabuni, lenye boya lililokatwa kwenye kandambili. Akaeleza kwamba kila lango litakuwa na boksi lake. Maji yakipita, boya linainuka, boksi linatuma habari hewani bila waya, na taa inawaka kwenye bodi ya taa nane kwa Mzee Sirili. Taa ya nne ikiwaka na ya tano isiwake, basi maji yamekwama kati ya nne na tano. Watu wanakwenda palepale.

 Nilijua papo hapo kwamba ni kitu kizuri. Kizuri mno! Ndiyo maana nikakipinga.

Nikasema viboksi vile vina sauti ya panya, na mimi nina mtambo wa maana zaidi. (Sina. Lakini nitakuwa nao.) Mzee Sirili akakuna kidevu, akaamua: Jumamosi hii Zita ajaribu. Jumamosi ya tarehe 14 ndiyo uamuzi. Atakayewezesha taa ya nane kuwaka ndiye fundi wa mfereji, na atakabidhiwa ufunguo wa kabati la bodi. Akauning'iniza ufunguo kidoleni tuuone.

Kuhusu pembe yake ya ng'ombe, mzee alisema itaendelea kama zamani. Milio mitatu mifupi: maji yamemfikia mwenyewe. Mlio mmoja mrefu: maji yamekwama, watu watoke.

Nautaka ufunguo ule. Nimeshachagua msumari wa kuutundika.

Jumatano, 4 Februari

Nimeshuka mjini, dukani kwa Mohan, anakouza vifaa vya umeme. Nilikwenda kutafuta vipuri vya mtambo ambao bado sijajua ni mtambo gani.

Nilimweleza. Akatikisa kichwa. "Fabian bhai, hewa imejaa." Akanionyesha. Alibonyeza kengele moja ya mlangoni, zile zisizo na waya anazouza kwa wingi, na kengele tatu zikalia rafuni kwa pamoja. Akasema nusu ya nyumba za mji huu zina kengele hizo. Ongeza alamu za magari. Ongeza mageti ya rimoti na yale mazagazaga ya kampuni za watalii. Vyote vinagombea masafa yaleyale ya bure. Na sisi wa Uru tuko juu mlimani, tunauona mji wote, kwa hiyo tunazisikia kelele zake zote.

Halafu akanipa habari ya kuniumiza. Zita alikaa dukani kwake siku tatu, pembeni, na kipokezi kidogo na daftari, akisikiliza hewa tu. Kila kelele aliiandika: saa ngapi, masafa gani, imedumu muda gani. Mohan alisema amefanya biashara miaka thelathini na hajawahi kuona mtu anayesikiliza namna ile. Mkewe Sharda alimpelekea chai mara mbili. Mimi sijawahi kupewa chai na Sharda!

Daftari lilikuwa kaunta, amelisahau. Nililifungua. Kwa usalama wake tu. Sikukuta siri yoyote. Kurasa na kurasa za namba, na mchoro wa mfereji wetu, kila lango mahali pake, hata ule mkono unaopinda nyuma ya kihamba changu, shamba langu la nyumbani. Mwandiko kama wa sista wa shule ya msingi. Nilisimama nikiutazama muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Nikalifunga. Mtu anayesikiliza siku tatu hana la kusema. Mimi nitasema.

Jumamosi, 7 Februari

Jaribio la Zita limekufa! Alhamdu— hapana. Nisiandike hivyo, mimi ni Mkatoliki, na tena si vizuri.

Mzee alifungua maji saa mbili. Taa ya kwanza ikawaka. Watu wakapiga makofi. Kisha ikawaka ya saba, wakati maji hayajafika hata la pili. Kisha ya tatu ikawaka ikazima, ikawaka ikazima, kumbe mtu huko mjini anabonyeza kengele ya jirani. Na maji yalipofika kwenye malango ya kati, maboksi manne yakasema kwa mpigo mmoja na bodi haikusikia hata moja. Maji yakakwama mahali. Hakuna aliyejua wapi. Saa sita ikagonga.

Mama Dominika akachukua ndoo mbili akashuka mtoni. Nilimwona akipanda na maji kichwani, miaka sitini na mitano, na ndoo nyingine mkononi. Hapo furaha yangu ikaniacha mkono. Miche mia sita haiwezi kuishi kwa ndoo zaidi ya wiki moja. Alisema hivyo mwenyewe, akipita, wala hakusimama.

Nilimsubiri Zita alie. Hakulia. Alikwenda kukaa kwenye kigoda karibu na Mzee Sirili akamuuliza zamani, kabla ya bodi, walijuaje maji yamefika wapi. Mzee akachangamka. Alisema kila lango lilikuwa na mtu. Wa juu anaita kwanza, anasema jina la lango lake na maji yapo au hayapo, basi, ananyamaza. Wa pili anasubiri yule amalize ndipo aite. Ukiita kabla ya zamu yako, au ukapiga domo refu, unatozwa debe la mbege, pombe yetu ya ndizi, kama mwizi wa maji, kwa sababu wa chini yako hatasikika. Zita aliandika kila neno.

Mambo ya kizamani. Mimi nimeshapata jawabu langu, na jawabu ni nguvu. Kukiwa na kelele, mtu anapaza sauti. Hata Padre anajua.

Jumapili, 8 Februari

Nimemaliza mtambo! Nimemwita Baba Lao.

Kiini chake nimekitoa kwenye redio ya upepo ya zamani, iliyotupwa na shamba moja kubwa la kahawa lililofungwa. Mzito kama mtoto wa darasa la pili. Anakula umeme wa nyumbani. Nilimjaribu saa nne asubuhi, Violet mke wangu akiwa kanisani, nami nikiwa nimebaki kwa sababu ya mafua.

Violet amerudi saa sita akiwa amekunja uso. Anasema katikati ya mahubiri gari la Padre lilianza kulia alamu. Padre akatuma mtu akazime. Likalia tena. Akatoka mwenyewe na mavazi ya misa, akalizima, akarudi, akasema "kama nilivyokuwa nikisema", likalia. Mara saba. Mada ya mahubiri ilikuwa ukimya wa moyo.

Nimemuuliza Violet ilikuwa saa ngapi hasa. Akasema saa nne na robo. Akanitazama. Akauliza mafua yangu yanaendeleaje.

Kutoka hapa hadi kanisani ni kilomita mbili na nusu! Mafanikio makubwa.

Jumanne, 10 Februari

Nimekwenda kupeleleza. Zita alikuwa lango la tano, magoti kwenye tope, boksi limefunguliwa. Nilijificha nyuma ya migomba. Akasema, bila kugeuka, "Shikamoo, Mwalimu. Karibu uone."

Bado ananiita Mwalimu! Ni afadhali angenitukana.

Akanionyesha kila kitu. Hakuficha hata waya mmoja. Sasa maboksi yake yanasikiliza kabla ya kusema. Kama kuna anayesema hewani, boksi linanyamaza, linasubiri. Likisema, linasema namba yake na maji yapo au hayapo, kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Yanakwenda kwa zamu kutoka juu kwenda chini, kila dakika. Na kila habari inarudiwa mara tatu, kila mara kwenye masafa tofauti kidogo, ili kengele ya Mohan ikiharibu moja, mbili zifike. Boksi lisilo na maji nalo linasema kwamba halina, ili mtu asichanganye ukavu na ukimya. Taa inawaka kwa mwenye maji tu. Betri nne ndogo zinatosha msimu mzima.

Nikamuuliza nguvu yake. Akasema ameipunguza. Ameipunguza! Maboksi yakipunguza sauti, akasema, yanasumbuana kidogo na yanasikika zaidi.

Nakiri hapa, kwa kuwa hapasomwi na mtu: nywele zilinisimama. Nimetengeneza redio miaka ishirini na mbili na sijawahi kuona akili safi namna ile. Ni mfereji mtupu, ila ni wa hewani. Na pale alipolehemu, palikuwa panang'aa, duara, bila donge. Hiyo nilimfundisha mimi. Nilitaka kumwambia ni kazi nzuri. Mdomo ukafunguka, nikasema boya limekaa upande.

Akalitazama, akasema kweli, akanishukuru, akalinyoosha.

Nimerudi nyumbani nimechukia kila mtu.

Alhamisi, 12 Februari

Mpango umekamilika. Mama Dominika hana umeme, na Baba Lao hawezi kuishi bila umeme. Kwa hiyo anakaa kwangu, stoo, na waya unakwenda hadi kwenye boya langu kwenye lango la saba. Maji yakigusa lango la saba, Baba Lao anatangaza kwamba yamefika la nane. Kuna tofauti gani? Kutoka kwangu hadi kwa mama ni hatua mia mbili, mteremko mtupu. Maji yatakwenda wapi kwingine?

Na hatangazi mara moja akanyamaza kama viboksi vya watu. Anatangaza mfululizo, bila kupumua, mpaka nimzime.

Tatizo dogo: mgomba mkubwa ulikuwa umesimama mbele ya antena. Nimeukata. Uliangukia upande wa bondeni, ukateleza, ukalala mahali fulani huko chini. Nitauondoa baadaye.

Violet ameuliza kwa nini nimekata mgomba wenye mkungu mchanga. Nikasema ni sayansi. Leo nimekula kiporo cha kiburu, ndizi na maharage ya jana, peke yangu.

Jumamosi, 14 Februari

Naandika nikiwa na tope hadi kiunoni. Niandike yote, hata yanayonichoma.

Nilifika kwa Mzee Sirili na koti la harusi. Watu wamejaa barazani. Saa mbili maji yakafunguliwa. Taa ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kila moja kwa wakati wake, taratibu, haziparamiani, na kule mjini kengele zote zinalia kama kawaida! Hakuna aliyepiga makofi. Walikuwa wanatazama tu, kama watu wanaomtazama mtoto akipiga hatua za kwanza. Ya nne. Ya tano. Ya sita. Nilikuwa nimeshika magoti yangu. Kwa dakika chache nilisahau kabisa kwamba mimi ni mpinzani.

Kisha maji yakagusa lango langu.

Taa ya nane ikawaka, kali, haitikisiki! Watu wakaruka. Mzee Sirili akapiga pembe: mitatu mifupi. Mimi nikasimama, nikakohoa, nikasema ile ni kazi ya Baba Lao. Nikanyoosha mkono kuelekea ufunguo.

Zita alikuwa bado anatazama bodi. Akasema kwa upole, "Mwalimu, mbona wa saba hajaongea?" Nami nikaona. Taa zote nyingine zilikuwa zinazima, moja baada ya nyingine, sita, tano, nne, mpaka ikabaki ya nane peke yake. Akasema bodi ambayo mtu mmoja tu ndiye anayeongea haielezi lolote. Akachukua kile kipokezi chake kidogo, akashuka mbio, akigeuzageuza antena kufuata sauti ilikozidi. Sauti ilizidi kwangu. Violet alimfungulia stoo. Violet! Hata hakuuliza.

Akachomoa waya ukutani.

Barazani taa ya nane ikazima. Dakika moja ikapita. Kisha zikarudi kutoka juu, kwa zamu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, saba. Ya nane giza. Boksi la Mama Dominika lilikuwa linasema tangu mwanzo kwamba halina maji. Baba Lao alipoanza, lilinyamaza likisubiri amalize, kama mengine yote, kwa sababu yangu.

Saa tano na dakika kumi. Mzee akapiga pembe, mlio mmoja mrefu. Tukakimbia wote, na hakuna aliyeuliza pa kwenda. Kati ya saba na nane. Hatua themanini chini ya nyumba yangu, ndani ya mfereji, umelala mgomba wangu, mkungu na yote. Maji yote yanamwagika kwenye majani ya ng'ombe.

Niliingia na koti. Tukauvuta, watu sita.

Mama Dominika alikuwa kwenye lango lake na jembe. Alikuwa amesikia milio mitatu mifupi ya pembe, akatazama mfereji mkavu, akadhani uzee umempata. Alituambia hivyo akijaribu kucheka. Nilitamani ardhi inimeze. Maji yakafika saa tano na nusu. Akapiga magoti akaanza kuyaongoza kwa mikono, mstari kwa mstari, akiongea na miche yake kwa Kichagga. Nusu saa ilitosha. Juu pembe ikalia mifupi mitatu, na safari hii ilikuwa kweli.

Miche kama arobaini imekufa. Mingine inasimama.

Jumapili, 15 Februari

Hukumu imetolewa baada ya misa. Nilijitetea kwamba sikugusa maji ya mtu, nilitumia hewa tu, na hewa haina mwenyewe. Mzee Sirili akasema hewa ile ilikuwa na zamu nane, na mimi nilizichukua zote. Kwa hiyo ni wizi wa maji. Debe la mbege, na kufagia mfereji kutoka lango la sita hadi la nane mpaka masika. Kamati ikaafiki kabla sijafunga mdomo. Padre alikuwa anapita. Naye akaafiki.

Nilikwenda kwa Mama Dominika na jani la isale mkononi, kama inavyopasa mtu aliyekosa. Akalipokea. Isale haikataliwi, lakini yeye alilipokea kwa mikono miwili, akanipa na mtori. Nilikula huku machozi yananitoka. Nikamwambia ni moshi.

Zita amekabidhiwa ufunguo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma, na sikuigiza. Kisha akaomba neno. Akasema boksi la saba linahitaji mlezi wa kudumu, na anaomba awe Mwalimu wake, kwa sababu hakuna mkono wa kulehemu kama huo kutoka hapa hadi mjini. Sharti moja: boksi liseme namba yake na hali ya maji. Basi.

Niliapa mbele ya wote. Nimekuwa mtu mpya. Baba Lao nitamvunja vipuri kesho.

Jumamosi, 21 Februari

Siku njema! Naandika barazani kwangu, boksi la saba liko mbele yangu, maji yamelipita sasa hivi kuelekea kwa Mama Dominika.

Wiki nzima nimelilea. Nimelifuta vumbi asubuhi na jioni. Nimenyoosha boya. Kadiri ninavyolitazama ndivyo ninavyoona yule binti ni wa ajabu, na linanikera jambo moja: hakuna aliyemshukuru ipasavyo. Makofi ya siku moja yanatosha nini kwa kazi kama hii?

Basi nimelifungua kidogo. Namba linasema. Hali ya maji linasema. Sharti nimelitimiza. Halafu, likishamaliza, linaendelea kidogo tu: taa ya saba kwenye bodi itawaka na kuzima mara mia nne, kama makofi ya watu wengi. Ni pongezi kwa Zita. Na ili pongezi ifike vizuri, nimelipitisha kwa Baba Lao, kwa nguvu ya chini.

Ya chini kiasi.

Haya, pembe hiyo inalia kwa Mzee Sirili! Mlio mmoja, mrefu, mrefu sana. Furaha imemzidi mzee, hata amesahau kuukata mitatu. Kanisani nako nasikia gari la mtu.

Namwona Zita anashuka njiani, na kile kipokezi mkononi, anageuza antena huku na huku. Violet ameshatoka kwenda kumfungulia stoo. Zita anakuja mbio kwelikweli. Ngoja niweke chai jikoni, mtu akija kushukuru asikute nyumba kavu.